Niliuza Mpaka Njia

Kufuli lenyewe lilikuwa dogo, la aina ile wanafunzi wa bweni hufungia masanduku. Lilining'inia kwenye geti jipya la chuma ambalo rangi yake ilikuwa bado inanata ukiligusa. Mbele yake alisimama mama mmoja mtu mzima, dumu tupu mkononi, jua halijachomoza vizuri. Njia ile aliijua tangu alipoletwa kijijini akiwa mke mpya. Angeweza kuipita amefumba macho. Hakumwita mwenye geti. Aligeuka akanitazama mimi, niliyekuwa napita zangu kwenda kumwonyesha mtu kiwanja kingine.

"Mwanangu, hapa si wewe uliyepauza?"

"Ni mimi, mama. Niliuza shamba."

"Shamba najua. Njia ulimuuzia nani?"

Nilicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetafuta muda wa kufikiri. Nikamwambia nitazungumza na mwenyewe. Akajitwika dumu lake, tupu vile vile, akazungukia upande wa barabara, mwendo wa karibu mara tatu ya ule aliouzoea. Mimi nikaenda kuonyesha kiwanja. Na nilikiuza.

Udalali sikuuomba, ulinikuta. Barabara ilipotiwa lami, safari ya mjini iliyokuwa inakula nusu siku ikawa ya saa moja na kitu. Haikupita muda watu wakaanza kusimamisha magari pale juu ya mteremko. Wanashuka, wanapiga picha bonde, halafu wanauliza aliye karibu, "Huku viwanja vinapatikana?" Mimi nilikuwa na simu yenye chaji na nilimjua kila mwenye shamba, babu yake na ugomvi wake wa mpaka. Huo ndio ulikuwa usomi wangu wote. Malipo ya mauzo yangu ya kwanza yalizidi nilichokuwa nimevuna misimu minne kwa jembe, na jembe lile sijui hata liliishia wapi.

Watu wa mjini hupenda kuamini kwamba mkulima anauza ardhi kwa tamaa au kwa kutojua. Nimekaa kwenye sebule nyingi siku ya kutia saini, nikiwa nimeshika kalamu na wino wa kidole gumba. Mmoja alikuwa na mtoto aliyepata nafasi ya chuo na tarehe ya kuripoti ilikuwa imekaribia. Mwingine mkewe alikuwa hospitalini mwezi wa pili. Walikuwapo ndugu watatu waliorithi kipande ambacho ukikigawa mara tatu, kila mmoja anapata mahali pa kugeuzia ng'ombe tu. Hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wamepiga hesabu ambayo mimi pia ningeipiga.

Hesabu yenyewe iko hivi. Shamba la kijijini likishafikika kwa gari, linakuwa na bei mbili. Kuna bei inayotokana na kinachovunwa, na kuna bei inayotokana na kinachoonekana ukisimama pale jioni. Ya kwanza hupanda polepole, ikipanda. Ya pili inaweza kuruka kati ya msimu mmoja na mwingine, kwa sababu haina habari na mfuko wa mwanakijiji; inafuata mishahara inayolipwa kwingine, na kwingine huko kuna watu waliochoka kelele na foleni. Pengo lililo kati ya bei hizo mbili ndilo shamba la dalali. Mimi pale ndipo nilipokuwa navuna.

Nilikuwa na neno langu la biashara pia. Mwenyeji akisitasita namwambia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akisikia methali inatoka kinywani mwa mtu aliyemjua tangu utoto, mabega yanalegea. Sikuwa namdanganya, maana nami nilikuwa naamini.

Na niseme kweli: mwenyeji alipona, kwa muda. Mafundi walipata kazi miaka mitatu mfululizo. Umeme uliokuwa unaahidiwa kila uchaguzi ulikuja ndani ya miezi michache baada ya wakubwa wawili watatu kujenga. Daraja la miti likawa la zege. Mnunuzi wangu wa kwanza alikuwa mstaafu mpole, akajenga nyumba ya wastani, akapanda miti, akashika majina ya watoto wa jirani kuliko baadhi ya wajomba zao. Shamba alilonunua lilikatwa katikati na njia ya kwenda kwenye chemchemi. Hakuwahi kuigusa. Akina mama wakipita asubuhi anawasalimia kutoka barazani, wanamjibu, wanaendelea. Nikaona mambo yako sawa.

Baada ya miaka miwili miguu ilimsumbua. Watoto wake wakamrudisha mjini, karibu na hospitali, na nyumba ikauzwa. Kupitia kwangu, ndiyo. Ardhi moja nikala udalali mara mbili. Mnunuzi wa pili alikabidhiwa hati yenye pembe nne, urefu, upana na namba ya kiwanja. Njia haikuwemo. Haikuwemo kwenye hati ya pili kwa sababu haikuwemo kwenye ya kwanza. Wema wa yule mzee ndio ulioishikilia miaka ile yote, na wema hauandikwi kwenye ramani. Mwenyewe akihama anahama nao.

Hapo kuna jambo la kisheria ambalo ningelipa pesa nzuri mtu anifundishe mapema. Ruhusa ya kupita ambayo mwenye shamba anakupa kwa mdomo ni ya kwake na wewe. Akiuza, imekwisha. Haki ya njia, ile inayoandikishwa, ni mnyama mwingine kabisa: inashikamana na ardhi yenyewe, kwa hiyo kila anayenunua anaikuta pale kama anavyoukuta mlima. Mifumo mingi ya sheria duniani inatambua pia njia iliyopitwa waziwazi kwa miaka mingi bila kuzuiwa, lakini hilo linataka ushahidi, wakili na muda, vitu vitatu ambavyo mtu mwenye dumu alfajiri hana.

Siku ya kupima ndiyo inayonirudia zaidi. Mpima ardhi alikuja na kijana wa kushika futi. Tulishaweka alama tatu, tunatafuta ya nne. Akasimama katikati ya njia, mguu mmoja huku, mwingine kule. Njia ilikuwa imechimbika kwa miguu ya watu, pembeni nyasi zimefika magotini, katikati udongo mtupu, mgumu, unang'aa kama sakafu iliyosuguliwa. Akatazama chini, akaniuliza, "Na hii?"

Nikamwambia, "Hapo? Wanapita pita tu."

Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na kazi. Maneno manne. Kama ningesema tu kwamba ni njia ya maji, angechora mistari miwili ya nukta kwenye ramani, kazi ya dakika kumi.

Baada ya lile kufuli nilianza kuorodhesha kichwani vitu vilivyokuwa juu ya shamba lile moja bila kuwa mali ya mwenye shamba. Njia ya maji ndiyo ya wazi. Lakini baada ya mavuno, mbuzi wa nyumba tatu walikuwa wanaachiwa humo wale mabua, na mbolea inabaki kama malipo. Kulikuwa na kichaka cha kuni upande wa bondeni ambacho mjane mmoja alikuwa akikitegemea, na kila mtu alijua ni chake ingawa hakikuwa chake. Kulikuwa na pale tambarare walipocheza mpira watoto. Na jeneza likitoka upande wa juu kwenda makaburini lilikatisha humo humo, kwa kuwa barabara ni ya kuzunguka na watu wamebeba. Hakuna aliyewahi kumwomba ruhusa mwenye shamba kwa lolote kati ya hayo, naye hakuwahi kujiona anatoa msaada. Alipokuja kuuza, aliuza vyote, pamoja na vya wenzake, na pesa akapokea peke yake. Sikumsikia mtu akimwita mwizi. Hata mimi simwiti hivyo. Ila kitu kilichukuliwa, na mjumbe nilikuwa mimi.

Wageni wengi hawakuja kwa ubaya, na hili nalisisitiza kwa sababu nimeona wenzangu wakilainisha mioyo yao kwa kuwachukia. Shida kubwa kuliko wao kuwepo ilikuwa wao kutokuwepo. Usiku mmoja wa katikati ya wiki nilisimama pale juu ya mteremko nikahesabu. Nyumba mpya zilikuwa 14, nazijua moja moja, viwanja vyake vilipita mikononi mwangu. Zilizokuwa na taa ndani zilikuwa 3. Zilizobaki zilikuwa na zile taa za nje za ulinzi, zinamulika nyasi zilizokatwa vizuri. Na katika moja ya hizo tatu, aliyekuwa ndani ni mlinzi, mtoto wa mtu aliyeuza kiwanja hicho hicho. Anakaa kwenye ardhi ya baba yake kwa mshahara wa mwezi na tochi ya bure.

Mwalimu mkuu wa shule yetu, ambaye hana maneno mengi, alinieleza siku moja kwamba nyumba zote zile hazijamletea mwanafunzi hata mmoja. Walimu wanagawiwa kwa kuangalia idadi ya wanafunzi, na nyumba za wikendi hazina watoto wa Jumatatu. Wakati huo huo vijana wetu waliokwisha kuoa walikuwa wanahamia mbali, kwenye vyumba vya kupanga, wakienda na watoto wao.

Halafu kukaja suala la jogoo.

Mikutano ya kijiji zamani ilikuwa ya ana kwa ana, watu wamekaa chini ya mti, mwenye la kusema anainuka. Wageni walipoongezeka ikaonekana ni busara kuwa na kundi la WhatsApp, maana wengi wako mjini siku za kazi. Sikuona ubaya, mimi mwenyewe ndiye niliyelifungua. Siku moja, saa kumi na dakika arobaini alfajiri, ukaingia ujumbe wa sauti wa sekunde 40: kumi za malalamiko, thelathini za jogoo mwenyewe. Bwana fulani alikuwa amelipa pesa nyingi kufuata utulivu na sasa halali. Anaomba uongozi uchukue hatua.

Tulicheka wiki nzima. Kisha tukaacha kucheka, kwa sababu uongozi ulichukua hatua. Mwenye jogoo aliitwa, akashauriwa kwa heshima zote alisogeze banda. Alilisogeza. Jogoo akawa anawika upande mwingine, na huko nako kulikuwa na nyumba mpya. Nilikuja kusoma baadaye kwamba kisa kama hicho kilifika mahakamani Ufaransa, katika kisiwa cha Oléron. Jogoo anaitwa Maurice, walalamikaji ni watu wenye nyumba ya mapumziko hapo jirani. Mwaka 2019 mahakama ilimpa ushindi Maurice aendelee kuwika, na mwezi wa kwanza wa 2021 nchi hiyo ikatunga sheria inayotambua sauti na harufu za mashambani kuwa sehemu ya urithi. Nilisoma habari hiyo mara mbili. Nchi nzima ililazimika kukaa bungeni kuandika kwamba jogoo huwika. Kisha nikaona hekima yake: wao wameshagundua kwamba kisichoandikwa, siku mgeni akija na hati, kinahesabika hakipo.

Kundi lile la WhatsApp lilinifundisha kitu kibaya zaidi. Wazee wengi wanatumia simu za kitochi, hawamo. Wao waliendelea kuamini kwamba mkutano haujaitishwa, kumbe mkutano ulikuwa unafanyika kila siku mfukoni mwa watu wengine. Geti la njia ya maji, nilikuja kugundua nikirudi nyuma kwenye ujumbe wa zamani, lilitangazwa siku tatu kabla. "Ndugu wakazi, kwa sababu za usalama, kuanzia Jumatatu eneo letu halitapitika." Watu sita waliweka alama ya dole gumba. Hakuna kati yao anayeteka maji kwenye chemchemi. Mmoja wa hao sita nilikuwa mimi. Nilikuwa sijasoma mpaka mwisho.

Binti yangu yuko chuo, na nilipomweleza haya kwenye simu akaniambia, "Baba, hicho kitu kina jina." Akaanza kunitumia makala. Wataalamu wanaita jentrifikesheni, neno lililobuniwa mwaka 1964 na mwanasosholojia Ruth Glass, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi London. Alikuwa anaeleza mitaa ya wafanyakazi wa jiji lile: watu wenye kipato wananunua nyumba moja moja, wanazikarabati, mpaka wenyeji wa awali karibu wote wameondoka na mtaa umekuwa mwingine. Kilichonifurahisha ni mzizi wa neno lenyewe. Linatokana na gentry, yaani mabwana wa mashamba wa Uingereza, wale waliokula kodi za ardhi bila kushika jembe. Kwa hiyo neno lilizaliwa shambani, likaenda mjini kusoma, sasa limerudi shambani likiwa na gari la magurudumu manene.

Nilisoma hivyo usiku, na nia yangu haikuwa ya kisomi. Nilikuwa natafuta mahali ambapo watu walifanikiwa kuzuia. Nilipata walioamka wakiwa wamechelewa. Mji mdogo wa pwani wa St Ives, kule Cornwall, Uingereza, ulipiga kura mwaka 2016, na zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura wakakubali kwamba nyumba mpya zinazojengwa ziwe za watu watakaoishi humo kwa kudumu. Vizuri, ila kanuni iligusa nyumba mpya tu. Mwenye pesa ya nyumba ya mapumziko akabaki huru kununua ya zamani. Uswisi nao walipiga kura mwezi wa tatu 2012, wakaweka kikomo: katika manispaa ambayo nyumba za aina hiyo zimeshavuka asilimia 20, mpya zisiruhusiwe. Ilipita kwa nywele moja, zaidi kidogo ya nusu. Na hapo pia, zilizokwisha kujengwa zikabaki palepale. Mimi kama mtu wa soko naelewa: ukifunga mlango mmoja, pesa haikati tamaa, inazunguka kutafuta dirisha.

Waliopata kitu cha kudumu ni wale walioshika ardhi yenyewe. Kisiwa cha Eigg huko Uskochi kilikuwa kikipita kutoka kwa tajiri mmoja kwenda kwa mwingine, mpaka mwaka 1997 wakazi wake, watu wachache tu, kwa kushirikiana na halmashauri na shirika la kuhifadhi mazingira, wakakinunua. Na kabla ya hapo, mwaka 1969, wakulima weusi wa jimbo la Georgia, Marekani, waliofukuzwa mashambani kwa sababu ya kudai haki zao, walianzisha New Communities, wakashika zaidi ya ekari 5,000 kwa pamoja. Ardhi ile waliipoteza mwaka 1985 kwa ukame na madeni, baada ya kunyimwa mikopo waliyostahili. Lakini mfumo wao ulienea. Udongo unabaki mali ya jumuiya, nyumba inakuwa yako. Ukitaka kuuza unauza nyumba, kwa bei inayofuata kanuni mliyokubaliana, ili anayekuja baada yako naye aweze. Nilipouelewa niliona kasoro yake upande wangu mara moja: mfumo huo hauna nafasi ya dalali.

Nikaupeleka kijijini, ana kwa ana, chini ya mti. Walinisikiliza kwa adabu. Mzee mmoja akauliza, "Hiyo ardhi ya kushika pamoja tutainunua kwa bei gani?" Nikamtajia bei ya sasa. Akasema, "Bei hiyo nani aliifikisha hapo?" Sikuwa na la kujibu. Tulichoweza ni kipande cha malisho cha pamoja ambacho hakijaguswa, ambacho kilipimwa na kuandikishwa kwa jina la kijiji, na sharti kwamba kiongozi peke yake hawezi kukiuza. Ni kidogo.

Swali la mzee lilirudi nyumbani kwangu, kwa sauti nyingine. Mtoto wa dada yangu, fundi mwashi mzuri, amejenga karibu nusu ya zile nyumba 14. Alikuja jioni moja na mkewe, wamevaa vizuri, nikajua wana shida rasmi.

"Mjomba, tunataka kiwanja. Kidogo tu. Wewe ndiye unayevijua."

Nikafungua daftari langu, naye akawa anachungulia. Kila ukurasa nilioufunua nilikuwa naruka. Mwisho nikamwonyesha cha bei ya chini kabisa, kwenye mteremko mkali ambako hata mbuzi hujishika. Akauliza bei. Nilipomwambia, mkewe akatazama viatu vyake. Kijana akasema taratibu, "Mjomba, mimi hizi nyumba nimejenga." Kama vile mahali fulani palikuwa na makosa ya hesabu, na mimi ningeweza kuyarekebisha. Bei ile ilikuwa kazi ya mikono yangu. Kila nilipouza kimoja, nilikuwa naenda kwa jirani yake kumwambia, "Mwenzako amepata kiasi hiki, wewe usikubali chini ya hapo." Nilijiona natetea wanyonge, na kwa yule anayeuza nilikuwa namtetea kweli. Sikuwahi kujiuliza mnyonge anayetaka kununua yuko wapi. Alikuwa juu ya jukwaa la miti, anapiga ripu.

Sasa anapanga chumba mbali, anakuja kazini kwa pikipiki.

Kuhusu geti, nilienda kuonana na mwenyewe Jumamosi moja. Nilikuwa nimejipanga: nitamsomea orodha yangu, nitamtaja yule mama, nitampa aibu. Alinikaribisha, akanisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameibiwa vifaa vya ujenzi mara mbili, akanionyesha hata mahali mlango ulipovunjwa. Kisha akasema, bila hasira, "Kaka, mimi nilinunua nilichoonyeshwa. Na wewe ndiye uliyenionyesha. Ungeniambia kuna njia, ningejenga geti pembeni yake."

Nilimwambia kweli ndivyo. Baada ya hapo mazungumzo yakawa mepesi, nadhani kwa sababu palikuwa pamepatikana mwenye kosa.

Tulikubaliana njia ihamie ukingoni, upana wa mita moja na nusu, ifuate uzio mpaka chini. Kijiji kikatoa nguvu kazi ya kuhamisha seng'enge. Mpima ardhi nikamlipa mimi. Ni yule yule, na safari hii nilimwambia neno njia mara nyingi mpaka akaniuliza kama niko sawa. Ramani mpya ikachorwa, ina ile mistari miwili ya nukta. Kuisajili kulichukua miezi 11, nenda rudi, leta nakala, mhusika hayupo. Yule mama siku ya kwanza aliipita yote, akarudi na maji, akatua dumu mbele yangu.

"Ni ndefu," akasema. "Ina kona."

"Ndiyo, mama."

"Ila ni njia." Akajitwika, akaenda. Ndani ya uzio ile ya zamani bado inaonekana ukisimama juu. Wameotesha nyasi mara mbili, wanamwagilia, na bado kuna mstari mwembamba ambao nyasi hazitaki.

Bado ni dalali. Sina kazi nyingine na singependa kusema uongo juu ya hilo. Kilichobadilika ni siku ya kuonyesha. Kabla ya mnunuzi kuja, natembea shambani na majirani wa pande zote, wa zamani kwanza, na nauliza kitu kimoja: nyinyi mnafanya nini humu? Si "mnamiliki nini", maana watajibu hawamiliki. Mnafanya nini. Majibu naandika kwenye karatasi, wanatia saini, na karatasi hiyo inaingia kwenye mkataba wa mauziano kabla ya pesa kutembea. Kama ni njia, inapimwa siku hiyo hiyo. Majirani ndio wanaokuwa mashahidi, si binamu wa muuzaji aliyetoka mjini asubuhi.

Wiki kadhaa zilizopita niliuza cha rafiki yangu wa utotoni, tuliyecheza naye pale tambarare. Orodha yake ilikuwa na vitu vitano, kimojawapo njia ya kwenda mtoni. Mnunuzi aliisoma polepole, akatembea nayo shambani, akarudi akiwa na bei yake: pungufu kwa karibu robo. Rafiki yangu akanivuta nyuma ya gari. "Unaniharibia soko," akasema. "Ungenyamaza tu kama ulivyowanyamazia wenzangu. Wao walipata yote."

Hakukosea. Wenzake walipata yote. Aliuza kwa bei ile ya pungufu kwa sababu ada ya mtoto ilikuwa haisubiri, akahesabu pesa bila kunitazama, na mpaka leo hajanisalimia. Alibakiza kipande kidogo cha nyumba yake upande wa juu. Asubuhi nikiwa barabarani namwona akishuka kwenda mtoni, taulo begani, anapita katikati ya kiwanja alichouza.